Johannes Trithemius: Abate aliyeficha barua ndani ya sala

Mwaka 1499 mtawa mmoja wa Ujerumani alimwandikia rafiki yake barua. Ilikuwa barua ya mtu na mwenzake, yenye habari za kazi na majigambo kidogo, kama ambavyo mtu humwambia rafiki anayemwamini. Rafiki huyo aliitwa Arnold Bostius, mtawa wa shirika la Wakarmeli katika mji wa Ghent, ambao leo uko Ubelgiji. Barua ilipofika, Bostius alikuwa ameshafariki. Watawa wenzake wakaifungua, wakaisoma, wakashtuka, wakawaonyesha wengine. Muda si mrefu nakala zake zikawa zinazunguka Ujerumani na Ufaransa.

Aliyeiandika alikuwa Abate Johannes Trithemius. Kwa sababu ya barua hiyo alikuja kuitwa mchawi, na jina hilo lilimfuata hadi kaburini na karne nyingi baada ya hapo. Cha kushangaza ni kwamba kitabu alichokuwa akimweleza Bostius kilihusu namna ya kuandika barua ambayo hata ikiangukia mikono isiyotakiwa, msomaji hataona kitu.

Msikilizaji wetu unayesoma haya kwenye simu, mambo ya Trithemius yako karibu nawe kuliko unavyodhani. Ndani ya maandishi unayotumiwa kila siku mnaweza kuwemo alama usizoziona. Tutafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Mtoto aliyesoma usiku

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1462 katika kijiji cha Trittenheim, kando ya mto Mosel, eneo la wakulima wa zabibu. Jina Trithemius alilitoa kwenye jina la kijiji hicho. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mama alikaa mjane kwa miaka kadhaa, kisha akaolewa tena, na hapo ndipo shida ilipoanza. Baba wa kambo hakutaka kusikia habari za shule. Mtoto alitakiwa shambani.

Johannes alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano na hajui kusoma. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifunga na kusali akiomba elimu, na usiku mmoja akaota kijana amemletea mbao mbili, moja ina maandishi na nyingine ina picha, akaambiwa achague. Akachagua yenye maandishi. Ndoto ni ya mwotaji, hatuwezi kuipima. Tunachojua ni kwamba alianza kwenda usiku kwa jirani aliyejua kusoma, kwa siri, ili nyumbani wasijue. Akajifunza herufi, akajifunza kusoma Kijerumani, akagusa Kilatini.

Alipofika umri wa miaka kumi na saba hivi akaondoka nyumbani. Alitafuta walimu mji hadi mji, akapita Trier na kuishia Heidelberg, kwenye chuo kikuu. Huko akapata Kilatini vizuri, akaongeza Kigiriki na Kiebrania. Kwa kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa anajificha ili ajue irabu, hiyo ilikuwa safari ndefu.

Theluji iliyomfanya abate

Mapema mwaka 1482 alikuwa njiani kurudi kwao na mwenzake. Walipofika karibu na Sponheim, theluji ikaanza kuanguka kwa nguvu hadi njia haipitiki. Wakageuka, wakaomba hifadhi kwenye abasia ya Wabenedikto iliyokuwa jirani. Hili ni shirika lile lile ambalo wasikilizaji wa Ruvuma na Mtwara wanalifahamu kupitia abasia za Peramiho na Ndanda.

Theluji ilipoisha, Johannes hakuondoka. Alibaki akawa mtawa. Mwaka uliofuata, 1483, abate wa Sponheim alihamishiwa kwingine, na watawa wakamchagua kijana huyu kuwa mkuu wao. Alikuwa na miaka 21.

Usidhani alikabidhiwa utajiri. Sponheim ilikuwa nyumba maskini. Majengo yalikuwa yanabomoka, madeni yapo, watawa wachache na nidhamu imelegea. Abate mpya akakarabati, akalipa madeni, akawarudisha watu kwenye ratiba ya sala na kazi. Na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kunakili vitabu kwa mkono.

Alikuta maktaba yenye vitabu kama 50. Kufikia mwaka 1505 vilikuwa vimefika 2,000 hivi. Wakati huo hiyo ilikuwa hazina kubwa kuliko ya vyuo vingi. Alivipata kwa kununua, kwa kubadilishana, kwa kunakili, na kwa kuzungukia abasia nyingine ambako vitabu vya kale vilikuwa vimelala kwenye vumbi na wenyewe hawajui thamani yake. Wasomi wakaanza kufunga safari hadi Sponheim kwa ajili ya vitabu tu. Mwaka 1494 akachapisha orodha ya waandishi wa Kanisa na vitabu vyao, karibu waandishi elfu moja, mojawapo ya orodha za kwanza za aina hiyo kuchapishwa Ulaya.

Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. Mashine ya kuchapa ya Gutenberg ilikuwa imeshaenea, na Trithemius akaandika kitabu kizima cha kuwasifu wanaonakili kwa mkono. Alisema maandishi kwenye ngozi yatadumu miaka elfu, na kitabu cha karatasi huenda kisipite miaka mia mbili. Kisha kitabu hicho akakipeleka kwa mchapaji mjini Mainz kikachapwa kwa mashine.

Barua ndani ya barua

Sasa turudi kwenye kitabu alichomweleza Bostius. Alikiita Steganographia, jina alilolitunga kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya maandishi yaliyofunikwa.

Zama zile barua ilikuwa kitu cha hatari. Hakukuwa na posta ya kuaminika kwa kila mtu. Ulimpa mfanyabiashara, msafiri au mtumishi, kama ambavyo wengi wetu tumewahi kutuma barua ya mkononi kwa kondakta wa basi. Yeyote njiani aliweza kuifungua. Wakuu na wafalme walikuwa na maandishi ya mafumbo, lakini hayo yalikuwa na tatizo lake: ukikuta karatasi imejaa alama zisizosomeka, unajua mara moja kwamba hapa kuna siri, na aliyeibeba atakamatwa aeleze.

Trithemius alitaka kitu tofauti. Alitaka barua inayosomeka, ya kawaida kabisa, ambayo haimtii mtu yeyote wasiwasi, na siri iwe imelala ndani yake.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme umepata ujumbe huu kwenye simu: Nimefika jana, ombea Omari. Hakuna cha ajabu. Mtu amefika, na kuna Omari anayehitaji maombi. Lakini chukua herufi ya kwanza ya kila neno: N, J, O, O. Njoo.

Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, na imo kwenye kitabu cha Trithemius. Nyingine zinaruka maneno, zinaruka herufi, zinachanganya maneno ya bure na ya kazi, ili anayekisia asipate mwanzo wala mwisho. Mwandikaji na mwandikiwa wanakubaliana mapema utaratibu upi utatumika.

Kama angeishia hapo, pengine asingesumbuliwa na mtu. Ila kitabu alikivalisha vazi jingine. Kila njia ya kuficha aliipa jina la pepo. Alieleza kwamba umwite pepo fulani, ugeuke upande fulani wa dunia, useme maneno fulani, na pepo huyo ataupeleka ujumbe. Wa kwanza anaitwa Pamersiel. Maneno ya kumwita yanaonekana kama mazinguo yasiyo na maana. Kumbe ukiyasoma kwa kuruka inavyotakiwa, yanatoa sentensi ya Kilatini inayoeleza jinsi ya kuisoma barua: angalia herufi ya kwanza ya kila neno. Mazinguo yalikuwa ndiyo ufunguo. Pepo hakuwepo.

Kwa nini alifanya hivyo? Wasomi wanaendelea kubishana kama aliamini pia nguvu za malaika na nyota. Kwa maoni yangu alipenda mno kuonekana anajua yasiyojulikana. Barua yake kwa Bostius inaonyesha hilo. Humo alidai anaweza kufikisha mawazo yake kwa mtu aliye mbali sana kwa kutumia moto, na kwamba mtu asiyejua Kilatini hata kidogo anaweza kwa muda wa saa chache tu akaandika Kilatini kizuri. Kwa rafiki anayekujua, hayo ni majigambo yenye kitendawili ndani yake. Kwa mgeni anayefungua barua ya marehemu, hayo ni mambo ya kuzimu.

Na hapa ndipo faragha inapouma. Maneno yale hayakuwa yameandikwa kwa ajili ya watu waliokuja kuyasoma.

Mgeni aliyeondoka na maneno

Uvumi ulipoenea, Trithemius alijitetea. Alisema kila alichoandika ni cha asili na hakina ushetani. Lakini kitabu hakukichapa, na miaka ya mwanzo ya 1500 akafanya jambo ambalo lilimgharimu zaidi: alimwonyesha mgeni.

Mgeni huyo alikuwa Charles de Bovelles, msomi wa Ufaransa, aliyefika Sponheim kama wengine kwa ajili ya maktaba. Alipokelewa vizuri, akakaribishwa, akapewa Steganographia aipitie. Akaona majina ya pepo ukurasa baada ya ukurasa. Hakuuliza ufunguo, au kama aliuliza hakuridhika. Alirudi kwao, na baadaye akaandika barua akisema mwenyeji wake anashughulika na mashetani na kwamba kitabu kile kinafaa kuchomwa. Barua hiyo nayo haikubaki ya watu wawili. Ilichapwa.

Huko Sponheim kwenyewe mambo yalikuwa yameharibika. Si watawa wote waliopenda kuinamia meza kunakili vitabu mwaka mzima, wala kuona pesa za abasia zikiishia kwenye vitabu zaidi. Mwaka 1505 abate alipokuwa safarini, wakamgeuka. Hakurudi tena kukaa nao. Mwaka 1506 alijiuzulu akapewa abasia ya Mtakatifu Yakobo mjini Würzburg, nyumba ndogo yenye watawa wachache mno. Vitabu vile 2,000 alivyovikusanya kwa zaidi ya miaka ishirini vilibaki Sponheim. Baada yake vilitawanyika.

Alikuwa na miaka 44, akaanza upya.

Sala yenye siri

Würzburg ndiko alikomalizia kitabu chake cha pili cha maandishi ya siri, Polygraphia, mwaka 1508. Safari hii hakuweka pepo hata mmoja. Alikitoa kwa Kaisari Maximilian wa Kwanza, na kilijaa majedwali tu.

Jedwali maarufu kuliko yote hufanya kazi hivi. Kuna safu zaidi ya 300. Kila safu ina neno moja la Kilatini kwa kila herufi, na maneno hayo ni ya kidini. Unachukua herufi ya kwanza ya siri yako, unaangalia safu ya kwanza, unaandika neno lililo mbele yake. Herufi ya pili, safu ya pili. Hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa Kiswahili, neno letu lile la njoo, lenye herufi nne, lingeweza kugeuka kuwa: Mola mwenye rehema akulinde. Neno moja kwa kila herufi. Anayeikamata karatasi anaona sala, anasema amina, anairudisha.

Safu zimepangwa ili neno lolote utakalochagua liungane na linalofuata kwa sarufi sahihi. Kwa hiyo mtu asiyejua Kilatini anaweza kufuata jedwali na kutoa sala ya Kilatini kamili. Sasa yale majigambo ya mwaka 1499 yanaeleweka. Hakuwa anazungumzia miujiza, alikuwa anazungumzia jedwali.

Ndani ya kitabu hicho kuna pia mraba wa herufi ambamo kila mstari unasogea herufi moja kuliko wa juu yake. Mraba huo ulitumiwa na kuboreshwa na wataalamu wa mafumbo kwa karne nyingi. Polygraphia kilichapwa mwaka 1518, na ndicho kitabu cha kwanza cha fani hii kuchapwa kwa mashine. Mwandishi hakukiona. Alifariki Würzburg tarehe 13 Desemba 1516, akiwa na miaka 54. Jiwe la kaburi lake, lenye sura yake, leo liko katika kanisa la Neumünster mjini humo.

Asichukuliwe kuwa malaika

Tukimtetea kwa uchawi tusimsafishe kwa yote. Trithemius aliandika pia historia, na humo alidanganya. Alitaja waandishi wa kale kama mmoja aitwaye Hunibald, akasimulia habari za mababu wa Wafaranki kutoka kwao. Wataalamu walipochunguza wakakuta Hunibald hakuwahi kuishi. Abate alimtunga.

Na yeye aliyeumizwa na neno mchawi hakusita kulitumia kwa wengine. Mwaka 1508 aliandika kitabu dhidi ya wachawi, akikubali waadhibiwe, katika miaka ambayo wanawake wa vijijini walikuwa wakichomwa moto kwa tuhuma hizo. Sisi tunaoishi kwenye mikoa ambako wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, hilo tunalijua uzito wake. Wao hawakuwa na abasia ya kuhamia wala kaisari wa kumpelekea kitabu.

Mwaka 1507 aliandika tena barua, kwa mnajimu mmoja wa Heidelberg, akimponda mzungukaji fulani aliyejiita Faustus kuwa ni tapeli. Barua hiyo ndiyo habari ya zamani kabisa tuliyo nayo kuhusu Faust, yule ambaye baadaye hadithi zilisema aliuza roho yake kwa shetani.

Trithemius wa kwenye simu yako

Wazo lake, maandishi ya kawaida yenye kitu kilichofichwa ndani, halikufa. Limo kwenye simu.

Anza na bendera. Ukituma kibendera cha Scotland kwenye ujumbe, simu yako haitumi picha. Inatuma alama ya bendera nyeusi, ikifuatiwa na herufi fiche g, b, s, c, t na alama ya kufunga. Jicho halizioni. Simu ya mpokeaji inazisoma na kuchora bendera ya Scotland. Simu ya zamani isiyozijua huonyesha bendera nyeusi tupu. Hapo hakuna ubaya wowote, ni utaratibu tu wa kompyuta.

Lakini kama herufi zisizoonekana zinaweza kubeba jina la nchi, zinaweza kubeba kitu kingine. Zipo pia alama ambazo kompyuta inazihesabu kama herufi lakini hazina upana hata kidogo. Ziliwekwa kwa sababu nzuri, kwa mfano kusaidia kuandika Kipersia vizuri. Mtu akitaka, anazipanga katikati ya maneno ya waraka: aina moja iwe sifuri, nyingine iwe moja. Waraka uleule akiwatumia watu kumi, kila mmoja anapata mpangilio wake. Ukinakili na kubandika sehemu nyingine, alama zinasafiri pamoja na maneno. Waraka ukivuja, mwenyewe anaangalia mpangilio na kujua umetoka kwa nani. Mwajiri anaweza kusema analinda siri za kazi. Mfanyakazi aliyetoa taarifa ya wizi anaweza kupoteza kibarua, au zaidi.

Mwaka 2019 tovuti ya Marekani ya maneno ya nyimbo, Genius, ilieleza jinsi ilivyotega mtego. Kuna kile kialama cha juu tunachokiweka kwenye neno ng'ombe. Kwenye kompyuta kinaweza kunyooka au kupinda. Genius ilivipanga vilivyonyooka na vilivyopinda kwa utaratibu wa Morse, vikitoa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushikwa papo hapo, kisha ikadai imevikuta kwenye matokeo ya Google. Google ilikana kunakili, ikasema maneno hayo inayapata kwa wabia wenye leseni, na kesi ya Genius ilitupwa na mahakama za Marekani. Hata hivyo njia yenyewe Trithemius angeitambua mara moja.

Hata karatasi haikupona. Mwaka 2005 watetezi wa haki za kidijitali nchini Marekani walionyesha kwamba mashine fulani za kuchapa za rangi huweka vidoa vidogo vya njano kwenye kila ukurasa, vigumu kuonekana kwa macho, vyenye namba ya mashine pamoja na tarehe na saa ya kuchapa.

Kwa sisi wa kawaida, alama tunayokutana nayo zaidi ni mkia wa kiungo. Ukibonyeza kitufe cha kushiriki kwenye mitandao mingi, anwani unayopata ina maneno marefu yasiyoeleweka baada ya alama ya kuuliza. Mara nyingi mkia huo upo ili mtandao ujue kiungo kimetoka kwako na nani amekifungua. Unaweza kuufuta kuanzia kwenye alama ya kuuliza kabla ya kutuma, kisha ujaribu kama kinafunguka. Angalia tu, kuna viungo ambavyo baada ya alama hiyo ndipo ilipo namba ya video au habari yenyewe, na ukikata vyote havifunguki.

Picha nazo zinaweza kubeba mahali zilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hiyo unapotuma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama faili inaweza kwenda nayo. Ukitaka kuizima kabisa, nenda kwenye mipangilio ya kamera, uzime kuhifadhi mahali. Na kama una maandishi unayotaka kuyapeleka mbele bila alama fiche, yaandike upya kwa vidole vyako badala ya kunakili na kubandika. Herufi zisizoonekana huwezi kuziandika bila kujua. Ila ukiyaandika neno kwa neno huku mwenye waraka ameficha alama kwenye uchaguzi wa maneno, kama sala za abate, basi utakuwa umeibeba.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa nini.

Kitabu cha tatu

Steganographia hakikuchapwa hadi mwaka 1606, mjini Frankfurt, miaka 90 baada ya kifo cha mwandishi. Kabla ya hapo kilisambaa kwa mkono, kwa siri. John Dee, msomi wa Uingereza, alikipata Antwerp mwaka 1563 akakinakili haraka haraka akishangilia. Mwaka 1609 Kanisa likakiingiza kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Sehemu mbili za kwanza zilieleweka mapema, maana funguo zake zilichapwa pamoja nazo. Sehemu ya tatu haikuwa na ufunguo. Ilikuwa na majedwali ya namba na habari za nyota na malaika, na wengi, hata waliomtetea Trithemius, wakakubali kwamba hiyo angalau ilikuwa mambo ya mizimu. Mwaka 1676 mtu mmoja aitwaye Heidel alidai ameifumbua, lakini majibu yake naye akayaandika kwa mafumbo, na hakuna aliyemwamini.

Ikakaa hivyo hadi miaka ya 1990. Mtaalamu wa lugha ya Kijerumani, Thomas Ernst, na mwanahisabati wa Marekani, Jim Reeds, kila mmoja peke yake na bila kujua kazi ya mwenzake, walizichukua namba zile wakakuta ni herufi zilizobadilishwa kwa utaratibu. Hakukuwa na malaika. Zilikuwa sentensi fupi za mazoezi, kama zile ambazo mwalimu humpa mwanafunzi ajaribu.

Mojawapo ni ya Kijerumani. Inamwambia mpokeaji kwamba huyu aliyemletea barua hii ni mwizi na mtu mbaya, ajihadhari naye, ana jambo anataka kumfanyia.